Nyoka aliyeuma akiwa amefumba mdomo: uchambuzi wa kisa kimoja cha msitu wa miombo

Kisa chenyewe kilianza na mabishano, dogo wetu kagongwa na kichwa cha nyoka au kachomwa na mkia wake? Tulikuwa watu tisa kambini, wote tumeshuhudia kwa macho yetu chini ya mwanga wa tochi, na wote kasoro mmoja tukasema mkia. Mimi pia nilisema mkia. Naandika kwa kirefu kwa sababu ilinichukua karibu wiki mbili kuelewa kwamba tulichokiona kilikuwa kweli kabisa, mdomo ulikuwa umefumba na hilo siliondoi mpaka leo, ila jibu tulilolitoa lilikuwa la uongo na ule uongo ndio ulioharibu karibu kila kitu kilichofuata.

Tulikuwa ndani ya miombo, mkoa wa Tabora, mwezi wa 11, kazi ni kupima miti: mnavuta kamba, mnapima unene wa shina, mnaandika mninga mingapi, mtundu mingapi, mnahamia sehemu nyingine. Mvua ya kwanza ya maana ilikuwa imepiga jana yake mchana. Kama umewahi kukaa porini kule unajua mvua ya kwanza inafanya nini, ardhi iliyokuwa ngumu kama tofali inalainika, kumbikumbi wanatoka kwa maelfu, vyura wanaanza kelele, na kila kiumbe kilichokuwa kimejichimbia tangu kiangazi kinaanza kupanda juu. Saa mbili usiku, tuko kwenye moto, mpishi akavuta gogo lililooza alitie motoni na chini yake akatoka nyoka.

Mdogo. Urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, unene wa kidole cha mkono, mweusi wa kung'aa kama kapakwa mafuta, na ukimmulika ubavuni unaona kama zambarau inapita. Kichwa hakijitofautishi na shingo, macho ni vidoti viwili ambavyo usipotafuta huvioni, na mkia mfupi umeishia kwenye kincha kama mwiba. Hakukimbia. Alichofanya ni kukunja shingo juu na kuelekeza pua chini kwenye udongo, kama mtu anayesujudu, akatulia hivyo.

Dogo wetu (simtaji jina, ana miaka ishirini na kitu na ndiye aliyekuwa fundi wetu wa nyoka) akainuka. Na hapa lazima nimtendee haki, maana watu wengi wakisikia hiki kisa wanasema alikuwa anajionyesha. Hapana. Alikuwa ameshawahi kufundishwa kwenye kazi nyingine jinsi ya kuondoa nyoka kambini: unambana na fimbo kichwani, unamshika kwa kidole gumba na cha shahada nyuma kabisa ya taya, mwili unaushikilia na mkono wa pili, unampeleka mbali. Alishaondoa wengi hivyo, wala hakuwa na papara. Mzee wetu wa njia, mrina asali wa pale pale ambaye ndiye anatuongoza porini, akamwambia, "Mwanangu, huyo mwache. Huyo hashikiki." Dogo akajibu kwa heshima tu, "Mzee wangu usijali, huyu mtoto, mi nimeshashika hadi kifutu." (Kifutu ni yule mnene wa mabaka, wengine mnamuita moma au bafe.) Mzee akarudia mara moja, hashikiki, akanyamaza.

Akambana, akamshika vizuri kabisa, vidole viwili nyuma ya taya kama inavyotakiwa, akamnyanyua tumuone. Nyoka anajinyonganyonga, mdomo kafumba kimya, na ule mkia wake wenye kincha unachomachoma kiganja cha mkono mwingine. Wote tunaangalia mkia maana ndio uliokuwa unacheza. Ghafla dogo akapiga kelele, akarusha nyoka, akashika kidole cha shahada. Tone moja la damu, tundu moja, ubavuni mwa kidole, sio matundu mawili kama watu wanavyotegemea. Mpishi akamponda nyoka na koleo katikati ya mwili. Na hapo hapo mabishano yakaanza, mdomo haukufunguka, mkia ulikuwa unachoma, tundu ni moja, kwahiyo ni mkia. Hesabu imekaa sawa kabisa. Mzee peke yake ndiye alisema sijui ni nini ila mimi nilimwambia hashikiki.

Sasa nieleze tulivyofanya, bila kujipendelea.

Ndani ya dakika chache dogo alikuwa anatoka jasho kwa maumivu, anasema ni kama kidole kimeingizwa kwenye mafuta ya moto. Mtu mmoja akaleta tyubu ya baiskeli akamfunga mkono chini ya kiwiko, kwa nguvu. Mwingine akaja na jiwe la nyoka, lile jeusi, likabandikwa pale kwenye tundu. Kwenye kidole cha kati kilichofuata alikuwa na pete ya shaba na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuivua. Alafu tukakaa tunajadili karibu nusu saa kama kuna haja ya kwenda popote, maana mkia wa nyoka una sumu au hauna? Wengine walisema unayo, nyoka ana sumu huku na huku. Wengine walisema hauna.

Tukampakia kwenye pikipiki. Zahanati ya kwanza tuliyofika mhudumu wa zamu aliuliza swali la kawaida, nyoka amekuuma? Dogo mwenyewe akajibu, hapana, kanichoma na mkia. Basi yule mhudumu akatabasamu akasema mkia wa nyoka hauna sumu, nendeni mkapumzike, akampa panadol. Na sikilizeni, alichosema ni kweli! Mkia wa nyoka hauna sumu, wa nyoka yeyote, kile kincha ni gamba tu lililochongoka, kinakuchoma kidogo kama mwiba wa ua na basi. Alikuwa na elimu sahihi akaiweka juu ya habari mbovu tuliyompa sisi. Simlaumu sana, ingawa angeuangalia mkono wenyewe badala ya maelezo angeona umeanza kuvimba. Hilo ndilo linaloniuma pale.

Tukarudi nusu ya njia, dogo akawa hawezi kukaa kwenye pikipiki kwa maumivu, tukageuza kwenda kituo cha afya kikubwa zaidi. Kufika kule tyubu ilikuwa imekaa mkononi saa moja na nusu na zaidi. Kiganja chote kimevimba, uvimbe umevuka kifundo, tezi za kwapani zinauma ukigusa, na kidole kimeanza kubadilika rangi kuelekea bluu nyeusi. Pete ilibidi ikatwe na plaisi.

Daktari wa usiku ule ndiye mtu aliyefanya kazi safi kuliko wote kwenye kisa hiki, na kilichonivutia ni kwamba hakumjua nyoka. Tulimuonyesha picha kwenye simu, nyoka mweusi mdogo kapondwa, akasema huyu simtambui. Ila alijua kusoma mgonjwa. Kwanza alifungua tyubu taratibu. Akamwambia dogo afumbe na kufumbua macho, ameze mate, ataje jina lake, aangalie juu, anatafuta kope zinazolegea, maana sumu ya fira wengi na koboko inalegeza misuli na kope huwa za mwanzo kuanguka. Hazikulegea. Alafu akachukua damu kidogo, mililita mbili hivi, akaiweka kwenye kichupa kikavu cha kioo akaiacha imetulia dakika 20, akainamisha. Ikiwa bado inamwagika kama maji basi sumu imeharibu kuganda kwa damu. Ya dogo iliganda. Hicho kipimo hakihitaji mashine wala umeme, kinahitaji kichupa kisafi na saa, na ndicho kinachotumika sehemu nyingi ambazo maabara hakuna.

Mkuu wetu wa kambi akaanza kushinikiza, mpe antivenomu (ile dawa ya kuzima sumu ya nyoka), tutalipa. Daktari akakataa. Akasema mgonjwa kavimba, anaumwa sana, lakini anapumua, damu inaganda, presha iko sawa, na nyoka kwenye picha vyovyote atakavyokuwa sio kifutu. Antivenomu nayo inaweza kumletea mtu mzio mkali wa kuua, siitoi kwa kuogopa tu. Akamchoma sindano ya pepopunda, akampa dawa kali ya maumivu, akauinua mkono juu ya mto, akachora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipoishia na kuandika saa, akamlaza chini ya uangalizi mpaka kesho yake na kupima moyo na presha kila baada ya muda. Ule mstari wa kalamu niliupenda, asubuhi tulijua uvimbe umepanda vidole vitatu kwa sababu mstari upo, sio kwa kubishana.

Nilikuja kujua baadae kwamba ule uamuzi wa kukataa ulikuwa sahihi hata zaidi ya alivyojua mwenyewe. Antivenomu ile ya Afrika Kusini ya nyoka wengi, ambayo inakinga sumu za vifutu, mafira, makoboko na jamaa zao, nyoka 10 kwa jumla, haikingi kabisa sumu ya huyu wetu. Angepewa angebeba hatari yote ya mzio bila faida hata punje. Kwa huyu nyoka tiba ni kupunguza maumivu, kutunza kidonda na kumuangalia mtu, hakuna kingine.

Sasa nije kwenye nyoka mwenyewe, maana pale ndipo fumbo lilipofunguka.

Ule mzoga niliuweka kwenye chupa ya spiriti. Mwili ulikuwa umepondwa katikati ila kichwa kizima. Baada ya siku kumi na kitu, kazi imelala kwa mvua, nikakaa nao mezani na kibanio cha kutolea miiba, nikiwa nimevaa glovu mbili maana chonge la nyoka aliyekufa linachoma kama la aliye hai na sumu iliyobaki haina habari kwamba mwenyewe kafa. Nikafungua mdomo. Mdomo mdogo, haufunguki kwa upana ule wa kifutu, na ndani hakuna meno ya kutisha, vijino vichache tu. Nikasema basi, mkia kweli. Nikaufunga mdomo. Wakati naufunga nikasukuma kidogo ule mfupa wa taya la juu kwa pembeni, na hapo ubavuni, kati ya mdomo wa juu na wa chini, mdomo ukiwa umefumba, likachomoza chonge. Jembamba, limepinda kuelekea nyuma, refu kupita kiasi kwa kichwa kidogo kama kile. Nikaachia likarudi. Nikasukuma upande wa pili, likatoka la pili. Nilikaa pale nikacheka peke yangu.

Huyu ni Atractaspis bibronii. Wazungu wanamuita kwa jina la stiletto, kile kisu chembamba cha kuchoma, na jina lile kwa kweli linamfaa kuliko majina mengi ya nyoka. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1849 na Andrew Smith, daktari wa jeshi wa Kiskoti aliyekuwa akikusanya wanyama kusini mwa Afrika, na hilo bibronii ni heshima kwa Mfaransa Gabriel Bibron aliyefariki mwaka mmoja kabla. Wataalamu wenyewe walihangaika nae miaka na miaka. Waliona chonge refu la mbele linalokunjika wakamuweka kwenye ukoo wa kina kifutu, wakamuita kifutu wa kuchimba. Baadae wakaona mifupa mingine yote haifanani wakamtoa. Leo yuko kwenye ukoo wake mwenyewe pamoja na vinyoka vingine vya chini ya udongo, wakiwemo wale wembamba wa kichwa cheusi wanaokula tandu, ambao kwa binadamu hawana shida yoyote. Ndugu mmoja anakula tandu kwa amani, mwingine anakuchoma kwa ubavu wa mdomo.

Kwa nini chonge litoke pembeni? Hapa ndipo inabidi uache kumfikiria nyoka kama kitu kinachoruka mbele na mdomo wazi. Huyu anaishi kwenye njia za chini, mashimo ya panya na fuko, nyufa za kichuguu, chini ya magogo na majani makavu. Chakula chake kiko mule mule, vitoto vya panya visivyo na manyoya bado, mijusi laini inayochimba, ile mijusi isiyo na miguu inayofanana na minyoo, na nyoka wadogo. Ndani ya shimo lenye upana wa mwili wake, kufungua mdomo na kurusha kichwa mbele haiwezekani, hakuna nafasi. Anachoweza ni kupita kando ya windo, taya moja likatoa chonge lake pembeni, alafu kichwa kikavutwa nyuma na chini kwa kushtukiza. Amechoma. Tundu moja, maana chonge moja ndilo lililotumika. Akikuta kiota cha vitoto vya panya huwa anavichoma kwanza vyote kimoja kimoja kabla ya kuanza kumeza hata kimoja, na kumeza kwenyewe anakwenda pole pole kwa sababu yale meno ya ndani ambayo nyoka wengine wanayatumia kuvutia chakula kooni yeye karibu hana. Yaani kaacha vyombo vya kulia akabaki na silaha.

Sasa rudi kwenye mkono wa dogo. Vidole viwili nyuma ya taya. Kwa fira, kwa kifutu, ukishika vizuri pale kichwa hakina pa kugeukia, kwahiyo mdomo haukufikii. Kanuni nzima imejengwa juu ya wazo kwamba hatari iko mbele ya mdomo. Kwa huyu hatari iko ubavuni na inaelekea nyuma, pale pale vidole vilipo. Yaani dogo angemshika vibaya, mfano katikati ya mwili, labda angepona, ingawa hata hivyo sishauri maana anajigeuza haraka sana, hakuna sehemu ya kumshika huyu nyoka kwa mkono ikawa salama. Lakini kumshika kwa ufundi ni kama kumpa kidole. Ndio maana anawachoma sana watu wanaojua nyoka, mtu asiyejua anakimbia zake.

Na ile sijida ya mwanzo, pua chini shingo juu, sio unyonge. Ndio mkao wake akitishwa, kichwa kiko tayari kuchoma pembeni na nyuma. Tungekuwa tunaijua tungemtambua kabla hata ya tochi ya pili kuwaka. Nyoka wa usiku wa miombo weusi weusi wapo wengi wasio na madhara na wanafanana nae vibaya sana: kuna yule wa kichwa bapa ambaye magamba yake yana vidoti vyeupe kwenye ncha, huyo anawinda mijusi usiku, kuna yule wa mdomo mweupe anayekula vyura na kujitanua kichwa akikasirika, kuna wa kahawia mwenye mistari myepesi pembeni ya macho anayeingia majumbani kufuata panya. Ukiniuliza leo nitakwambia angalia mambo manne kwa pamoja, macho madogo kupita kiasi, kichwa kisicho na shingo, mkia mfupi wenye kincha, na ile shingo iliyokunjwa pua ikiangalia chini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Na bado kwa usiku na kwa haraka mtu anaweza kukosea, mimi mwenyewe ningekosea.

Kuhusu sumu nisiende mbali sana. Kuna jamaa yake wa Israeli na maeneo ya jirani, Atractaspis engaddensis, ambaye kwa Kiebrania anaitwa saraf wa Ein Gedi, na kutoka jina hilo watafiti waliita kemikali waliyoitoa kwenye sumu yake sarafotoksini, habari iliyochapishwa mwaka 1988. Mwaka huo huo watafiti wa Kijapani walitangaza kemikali inayobana mishipa ya damu ndani ya mwili wa binadamu, endothelini, na walipoweka mbili hizo pamoja zikaonekana ni kama ndugu, zote zina asidi amino (vile vipande vinavyojenga protini) 21 zimepangwa karibu sawa. Yaani nyoka anayekaa chini ya gogo anabeba kitu ambacho mwili wako nao unatengeneza, ila yeye anakimwaga chote kwa mpigo. Baadae huyu wetu wa bibronii nae akakutwa na ya kwake ya ukoo ule ule, ikaitwa bibrotoksini. Kwa aina nyingine za ukoo huu kubanwa kwa mishipa ya moyo kumeshaua watu. Kwa bibronii vifo sio jambo la kawaida, kinachobaki ni maumivu, uvimbe, na nyama kufa pale pale palipochomwa, hasa kwenye kidole ambako hakuna nafasi ya kuvimba.

Hapo ndipo natia neno langu kuhusu tyubu na pete. Siwezi kupima ni kiasi gani cha kidole kiliharibiwa na nyoka na kiasi gani tulikiharibu sisi, lakini fikiria mwenyewe, una sumu ambayo kazi yake mojawapo ni kubana mishipa, inaua nyama za pale pale, alafu unafunga tyubu juu na kuacha pete ya shaba kidole cha pili, saa moja na nusu. Tulikuwa tunaisaidia sumu. Kufunga kwa nguvu, kukata kwa wembe, kunyonya, barafu, jiwe, vyote hivyo havitoi sumu na vingine vinaongeza kidonda. Tulichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno hata hakifanani na msaada: vua pete, saa, kila kinachobana, mkono utulie, panda pikipiki mara moja, usipoteze nusu saa kwenye mkia. Jiwe lilibaki limeganda pale kama mapambo.

Malengelenge yalitokea siku ya pili, meusi, ncha ya kidole ikafa ngozi na nyama kidogo ya ndani. Kidonda kilisafishwa na kufungwa upya kila siku kwa wiki tatu hivi. Ilichukua zaidi ya miezi miwili kufunga. Kidole kipo, kimepungua ncha kidogo, hakikunji sawasawa na anasema baridi ikiingia anakihisi. Kwa mtu anayeandika namba za miti kutwa nzima kwa mkono huo huo sio jambo dogo, alijifunza kushika kalamu kwa kidole cha kati.

Kuna kitu kimoja cha lugha ambacho bado nakifikiria. Sisi tuna kuuma na tuna kugonga kwa nyoka, na vyote viwili ukivisikia unaona mdomo unafunguka. Dogo alivyosema "hajaniuma, kanichoma" alikuwa anaeleza kwa usahihi kabisa alichohisi, kuliko sote. Kuchoma ndio neno lenyewe. Tatizo ni kwamba neno lile lilitupeleka kwenye kitu kilichochongoka tulichokuwa tunakiona, mkia, na kwenye fomu ya zahanati ya kwanza likaandikwa hivyo hivyo na mlango ukafungwa. Laiti angesema tu "nyoka kanidhuru, sijui kwa wapi, angalia mkono", tungefika kwa yule daktari saa moja mapema.

Nilipiga picha ya kichwa kile, mdomo umefumba na chonge liko nje, nikamuonyesha dogo. Aliivuta ikawa kubwa, akaangalia picha, akaangalia kidole, akarudia kama mara tatu, alafu akaita, "Mzee, njoo uone." Mzee akaja akatazama kwa muda, akasema yeye aliambiwa na baba yake kuwa huyo hashikiki, na baba yake hakumwambia kwa nini na yeye hakuuliza. Nikamuuliza kwani hata nyoka kama yule hana jina kwenu? Akasema analo, lakini sio la kutajwa usiku, na kweli ilikuwa usiku.

Mwezi wa 12 mvua ilipiga tena jioni, tuko kambi nyingine, mweusi mwembamba akapita karibu na moto. Watu wakarudisha miguu. Dogo akamulika kwa mbali, akasema huyu nadhani ni yule wa vidoti vyeupe, kichwa bapa, huyu hana neno. Hakuna aliyemsogelea kuhakikisha. Tulisimama na tochi zetu mpaka akaingia chini ya majani ya mtundu, kisha mpishi akauliza kama kuna mtu atamsaidia kugeuza lile gogo, na likabaki pale pale mpaka asubuhi.